Eda ya Mturuki

Mume wangu hakuwa mtu wa runinga. Aliinunua yeye, akaileta Gazi kutoka Ukunda ameipakata kama mtoto mchanga, akasimamisha mlingoti wa antena nyuma ya jiko kwa mikono yake mwenyewe. Tangu ujana alikuwa mtunza bustani katika hoteli moja ya Diani, na hoteli ilipofungwa alirudi nyumbani akawa anapanda mikoko na wenzake. Runinga ile ndiyo anasa pekee aliyowahi kujiletea. Lakini tangu jioni ya kwanza hakupata pa kukaa mbele yake, kwa sababu chumba kilijaa wanawake.

Walikuwa wakija baada ya swala ya magharibi, wakati wa tamthilia ya Kituruki. Yeye alichukua kikombe chake cha kahawa akatoka barazani, nao wakamwamkia huku wakiiruka miguu yake kuingia ndani. Tamthilia ikiisha, walipokuwa wakitafuta kandambili zao mlangoni, aliwauliza swali lile lile kila siku: "Leo amelia nani?" Wakacheka. Leo kalia wifi. Leo kalia jirani. Siku nyingine wakasema, "Leo tumelia sote kaka, hata mkeo," naye akatikisa kichwa, akaingia ndani kulala. Sikumbuki siku hata moja aliyotuambia tupunguze sauti.

Wifi yangu, dada wa mume wangu, ndiye aliyekuwa na mkeka wa mbele. Hakuna aliyempa, aliuchukua tu. Jirani yangu wa upande wa kulia, ambaye nyua zetu zinagawanywa na ua wa makuti, alikaa kando yake na bakuli la korosho. Hao wawili ndio walioongoza, na wengine wakafuata. Wifi akisema adui wa tamthilia ana macho ya mchawi, basi ana macho ya mchawi. Jirani akianza kulia, wote hutoa pembe za leso. Walizungumza na runinga kana kwamba waliomo ndani wanasikia. "Usiinywe hiyo chai, mwanangu, ina sumu!" Akiinywa, walimtukana kwa ujinga wake. Kuna jioni ambayo mwanamke mmoja alimrushia adui kandambili, ikagonga ukuta, na hakuna aliyemwambia kitu. Waliona ni haki yake.

Na kulikuwa na hili ambalo wakati ule lilinichekesha. Yule steringi, kijana mrefu mwenye ndevu zilizochongwa, kila alipotazama mbele moja kwa moja, wanawake wa makamo walivuta mitandio yao wakafunika nywele. Sauti waliyomtilia ilikuwa ya mtu wa Dar es Salaam, lakini macho yalikuwa yake mwenyewe, na walisema macho yale yanaona. "Asituone vichwa wazi," jirani alisema, nusu mzaha nusu kweli. Sikujua kwamba ile nusu ya kweli ingenirudia.

Mume wangu alirudi siku moja kutoka kwenye mikoko ana homa, akajilaza. Tulimpeleka Msambweni, akalala huko siku kadhaa, kisha wakamrudisha kwa gari amefunikwa. Ni hayo tu. Watu hutaka niwasimulie zaidi, na zaidi haipo. Mtu aliondoka akitembea akishikwa mkono, akarudi amebebwa, na kikombe chake cha kahawa kilikuwa bado kiko barazani juu ya dirisha nilipokiacha.

Wakati wa matanga runinga ilifunikwa kwa leso kuukuu, kama desturi ilivyo. Wanawake walijaa kile kile chumba, kwenye mikeka ile ile. Nilipoona jeneza linatolewa, sauti ilinitoka. Sikuipanga. Wifi yangu akaniwekea kiganja mdomoni, akaniambia sikioni, "Nyamaza wifi, nyamaza. Unamtesa maiti. Kumlilia mtu kwa sauti ni haramu." Jirani akanishika upande wa pili. "Sema innalillahi. Usilie, dadangu. Sisi wenyewe si watuona twajizuia?" Niliwatazama, na kweli walikuwa wamejizuia. Macho yao yalikuwa makavu kama mawe. Nikajiambia hawa wana imani kunizidi, nikameza kilio changu. Siku ya hitima, alasiri ilipokaribia kuingia jioni, niliwaona wakiitupia jicho ile leso iliyofunika runinga. Mmoja akamnong'oneza mwenzake jambo, mwenzake akaguna. Nilijua wananong'onezana nini. Nilijua ile ilikuwa saa ya nini.

Nikaingia eda. Asiyezijua desturi zetu nimwambie kwamba mjane kwetu hukaa ndani miezi minne na siku kumi. Hajipambi, hatii manukato wala hina, hatoki ila kwa dharura, na haonani na mwanamume ambaye si maharimu wake, yaani yule ambaye sheria ingemruhusu kumuoa. Shangazi wa marehemu, bibi kikongwe anayetembea kwa mkongojo, alihamia kwangu anishughulikie. Yeye ndiye aliyekuwa na hesabu ya siku zangu, na aliihesabu kwa mwezi mwandamo, akitoka kila mwezi mpya kuutazama kisha akirudi kuniambia tumefika wapi.

Matanga yalikuwa hata hayajapoa wifi alipokuja na jirani, wakakaa, wakaguna, wakaulizia afya yangu. Kisha wifi akaitazama runinga.

"Wifi, hii nayo isije ikakutia majaribuni."

"Imefunikwa," nikasema.

"Imefunikwa leo. Kesho nyumba itakuwa kimya, utasema niwashe nipate sauti ya mtu. Na mle ndani mna wanaume." Akainamisha kichwa kama mtu anayesema jambo la aibu. "Waturuki wale si maharimu wako."

Nilidhani anatania. Nikamtazama jirani nione kama anacheka. Hakuwa anacheka. "Na yule wa ndevu jinsi anavyotazama watu," jirani alisema. "Eda yako itaharibika bure, dadangu. Sisi twakufikiria wewe."

Shangazi katika umri wake wote hakuwahi kusikia fatwa ya namna hiyo. Mimi sikuwa na nguvu ya kubishana. Mtu aliyefiwa hana ubishi, ana usingizi tu ambao hauji. Nikasema wachukue. Waliinyanyua wenyewe wawili, wakaipitisha kwenye pengo la ua wa makuti, na jioni ile ile nikaisikia inaimba muziki wake wa mwanzo upande wa pili. Leso waliyoifunikia waliniachia.

Basi hivyo ndivyo nilivyokaa eda yangu, nikisikia runinga yangu kwa jirani. Makuti hayazuii sauti. Nilisikia kila mlango uliogongwa Uturuki, kila kofi. Nilisikia wanawake wangu wakimwonya steringi, wakimlaani adui, wakicheka. Nilimwambia shangazi najisikia kama mimi ndiye niliyekufa na wao wanagawana vitu. Alinijibu nisikufuru, lakini alinisogelea akanishika mguu.

Kisha, siku chache baada ya runinga kuhama, Mturuki akafa.

Si steringi. Alikuwa kaka yake mkubwa, mume wa mwanamke mpole ambaye wanawake wetu walimpenda kuliko wote kwa sababu alikuwa na jina la Kiislamu na alikuwa akivumilia mkwe mbaya. Gari lake lilianguka bondeni. Nilijua ameanguka kwa kuwa ua mzima wa jirani ulipasuka kwa kilio. Sikudhani watu wazima wanaweza kulia hivyo. Jirani alilia kwa sauti ya juu, akimtaja Mturuki kwa jina. Wifi yangu alipiga mayowe. Naam, wifi yangu, aliyeniziba mdomo kwa kiganja chake jeneza la ndugu yake likitoka. Nilisikia mwanamke akisema, "Mwacheni alie, mwacheni, akilia atapata nafuu." Sijui alikuwa akisema juu ya nani, mjane wa kwenye runinga au mmoja wao.

Niliketi kitandani nimejaa hasira. Nasema hasira, sisemi huzuni. Huzuni nilikuwa nayo tayari, na ilikuwa yangu na safi. Hii ilikuwa kitu kingine. Yule aliyeanguka bondeni alikuwa ameshafuta rangi usoni, amekwenda zake kula chakula cha jioni na wanawe. Mume wangu alikuwa chini ya mchanga, hatua chache kutoka kwenye mikoko aliyoipanda.

Tangu siku ile walinipatia mwenzangu. Mjane wa Mturuki alifungiwa na mkwe wake ndani ya chumba cha ghorofani, amevaa nguo nyeusi, haruhusiwi kutoka. Mtu yeyote angeona kwamba yule ni mfungwa, na mkwe anataka mali. Wanawake wetu hawakuona hivyo. Waliona mjane, ndani, nguo nyeusi, wakaamua kwamba yuko eda. "Waturuki nao ni Waislamu, jamani," wifi alikuja kunieleza kwa furaha. "Wameiweka eda kwenye tamthilia! Mwenzio naye yuko ndani kama wewe."

Wakaanza kumhesabia siku. Nilisikia mabishano yao: je, siku aliyokufa inahesabiwa au huanzia kesho yake? Na zile jioni ambazo stima ilipotea, hawakuziona, je, zimo au hazimo? Walikubaliana zimo. Siku tamthilia ilipomwonyesha mjane akitazama nje ya dirisha, waligombana nusu saa, wengine wakisema dirishani si nje. Siku aliposimama na wakili wa kiume, jirani alikasirika hadi akazima runinga, kisha akaiwasha.

Kwangu walikuja mara moja moja, na walipokuja waliniletea habari zake. Mwenzio jana hakula. Mwenzio amekonda, macho yameingia ndani. Mwenzio amepigwa kofi na mkwewe akanyamaza kimya, mwana wa watu, subira iliyoje. Nilikuwa nimekaa mbele yao nguo zinanipwaya. Shangazi alikuwa akinisihi nimeze hata uji. Hakuna aliyetazama sahani yangu. Mara moja nilijaribu kumwambia wifi kwamba usiku namsikia ndugu yake akikohoa barazani, kwamba nashtuka kumjibu. Alinipiga-piga goti. "Subira, wifi. Mwangalie mwenzio."

Mwezi wa mwisho ukaandama, shangazi akauona. Zikabaki siku za kumalizia.

Sasa hapa kuna jambo. Kwetu mwanamke hajitoi eda mwenyewe, hutolewa. Watu wa upande wa mume ndio wanaokuja asubuhi, na dada wa marehemu, kama yupo, ndiye anayemwogesha mjane, anamvua zile nguo za eda, anamvika mpya na kumfukiza udi. Kisha wanawake humshika mkono wakamtoa mlangoni kwa vigelegele, akaonyeshwa jua, akapelekwa nyumba hadi nyumba kuwasalimu watu. Ni hapo ndipo mji unapokubali kwamba mjane amerudi. Asiyetolewa huwa kama bado yumo. Nimeona mwanamke mmoja ambaye wakwe walimsusa wasimtoe, na hadi anazeeka watu walimsema, yule hakutolewa. Ndiyo sababu nilipokuwa nikihesabu siku zile sikuwa nikihesabu uhuru. Nilikuwa nikihesabu kuja kwao. Niliwachukia na niliwahitaji, na hayo mawili yalikaa kifuani mwangu pamoja.

Shangazi alimpa wifi habari siku mbili kabla. Alijikongoja hadi kwenye pengo la ua jioni, akamwita, akamwambia siku. Nilisikia wifi akijibu, "Ndiyo, shangazi, ndiyo," kwa sauti ya mtu ambaye shingo yake imegeukia kwingine. Na nyuma ya sauti yake nilisikia Mturuki akifoka.

Asubuhi ya siku yenyewe niliamka kabla ya adhana. Leso mpya za doti zilikuwa zimekunjwa juu ya kiti, na shangazi alikuwa ametayarisha chetezo na makaa. Tukakaa kungoja. Jua likapanda. Wauza samaki wakapita, wakaita, wakaenda. Shangazi akasema wanapika, wataleta chakula. Adhuhuri akasema watakuja alasiri, jua likipoa. Alasiri ikaingia, ikatoka. Makaa aliyawasha mara tatu. Nilimwambia aniogeshe yeye. Akakataa, akasema yu hai dada wa marehemu, ataonekana nini? Alikuwa akinitetea. Alitaka nipate haki yangu yote, si nusu.

Magharibi ikaadhiniwa. Tukaswali. Na nilipokuwa bado nimekaa kwenye mswala, vigelegele vikalia.

Vilikuwa vikubwa, vya wanawake wengi, vilitoka upande wa jirani na vilikuwa vya furaha ya kweli. Nilisimama. Nikasema wamekuja, wamechelewa tu, masikini, kumbe walikuwa wakikusanyana. Nikazichukua zile leso mpya kifuani nikasimama nyuma ya mlango, kama anavyosimama mwali. Nilikuwa nimeshawasamehe. Nataka hilo lijulikane. Katika muda ule mfupi nyuma ya mlango, niliwasamehe kila kitu.

Shangazi akasema, "Tulia, mwanangu." Vigelegele vikaisha. Ukafuata muziki. Muziki ule wa Kituruki, wa vinanda.

Nilitoka. Kichwa nilikuwa nimekifunika, nguo zile zile za eda mwilini, nikapita kwenye pengo la ua nikasimama mlangoni kwa jirani. Wote walikuwamo. Kwenye runinga yangu, mjane wa Mturuki alikuwa akishuka ngazi. Mlango wa chumba chake ulikuwa umevunjwa na ndugu zake, na walimkumbatia mmoja mmoja. Wanawake wangu walikuwa wakibubujikwa na machozi. Jirani alikuwa akisema, "Mtazameni, hata mtu wa kumpokea kwa wakwe hana. Watu gani hawa!"

Aliyeniona kwanza ni wifi. Aliruka. "Lahaula! Umetoka na nani?"

"Peke yangu."

"Wifi, siku zako bado! Wewe ni mwisho wa juma. Tumekuwekea, wewe na mwenzio mtatoka pamoja, tumehesabu hapa kila siku." Akawageukia wenzake. "Si tumehesabu?"

Wakaitika kwamba wamehesabu. Na kweli walikuwa wamehesabu. Walikuwa wamehesabu kwa uangalifu, kutoka siku Mturuki alipoanguka bondeni.

"Ndugu yako hakufa siku hiyo," nikamwambia.

Nikamwonyesha runinga kwa kidole. "Na huyu je? Hizo siku zake mlizohesabu, zimetimia?"

"Huyu kafunguliwa," akasema taratibu, na nikaona usoni mwake kwamba ameanza kuelewa, lakini jicho lake moja lilikuwa bado kwenye ngazi za Uturuki.

Sikupiga kelele. Nilipita katikati ya mikeka nikiruka miguu yao, kama walivyokuwa wakiiruka miguu ya mume wangu, nikachomoa waya ukutani. Chumba kikaingia giza nusu. Nikaibeba runinga kifuani. Ilikuwa nzito kuliko nilivyokumbuka, na sikuwa nimebeba kitu kwa miezi. Mmoja wao akasema, "Dada, ngoja basi aonane na mamake." Jirani alinishika mkono, uso umelowa, akaniambia kesho ndiyo mwisho wa tamthilia, kesho tu, kisha niichukue. Sikumtukana. Nilimtazama tu hadi mkono ukaniachia.

Nyumbani niliiweka chini, nikaifunika kwa ile leso waliyoniachia. Shangazi alichukua ndoo, akanikalisha kwenye kibao uani, akaniogesha yeye, kwa mikono yake inayotetemeka, maji mengi yakimwagikia yeye mwenyewe. Akanivika leso mpya. Akanifukiza kwa makaa ambayo yalikuwa karibu kuzimika. Kisha akanishika mkono kunitoa nje, na kwa kuwa yeye ndiye aliyeegemea, sijui ni nani aliyemtoa mwenzake. Hapakuwa na kigelegele. Tukakaa barazani, mahali pale alipokuwa akikaa mume wangu na kahawa yake.

Upande wa pili wa ua walikuwa bado wamo, ingawa runinga haikuwapo tena. Nilisikia mtu akipiga kwikwi, mwingine akipenga kamasi, na wifi yangu akiomboleza kwa sauti ile ile ya juu ambayo aliniambia ni haramu.

Shangazi akatega sikio. "Kuna nini kule? Nani analia?"

"Wote, shangazi," nikamwambia. "Leo wanalia wote."